Walimu wetu tuwashukuru wangali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwataje walimu waliotusomesha skuli za sekondari hapa Pemba. Mimi mwenyewe nasomesha hisabati kidato cha pili, umri ambao wazee wengi huulalamikia kwa ubishi wake. Kwangu ubishi huo ndio utamu wa kazi: kijana wa miaka 15 hakubali kanuni kwa kuwa mwalimu kasema, bali hutaka aoneshwe imetoka wapi, na siku akiiona, uso wake hunipa furaha ambayo mshahara (nao, tusifichane, si mkubwa) hauwezi kuifikia.

Subira hiyo sikuizua mimi. Nimeirithi kwa maalim wangu, aliyefunzwa Chuo cha Ualimu cha Nkrumah, Unguja, ambaye msimu wa karafuu ukifika na madawati yakabaki matupu, hakugomba. Alitungoja jioni, tumeshamaliza kuchambua karafuu, akaturejelea somo lile lile bila ya kudai hata senti ya tuisheni.

Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe 5 Oktoba tangu mwaka 1994. Ningependa safari hii skuli zetu zipunguze hotuba, ziwaalike walimu wastaafu waketi darasani na wanafunzi wa leo, na sisi tuliosomeshwa nao tuwaendee majumbani, kwani wengi wako hapa hapa, Mtambwe, Konde na Kojani, na tunapita milangoni mwao kila siku.

Mwalimu wa sekondari,
Wete, Pemba.