Yah: Seti ya kuchapa fulana nyumbani ambayo vifaa vyake havipatani

Meneja Mauzo,
Tawi la Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mnauza kwa Sh 145,000 seti mnayoiita "kamili kwa anayeanza": fremu ya mbao yenye neti (skrini), skwiji (mpira wa kusukumia wino), emulsheni nusu lita (dawa ya kupaka kwenye neti, hugandishwa na mwanga), wino wa maji mweupe na mwekundu, na kijitabu cha kurasa nne. Tumenunua seti nne. Nakala za risiti za EFD tumeambatanisha. Bei hatuilalamikii. Skwiji pia hatuna neno nayo, mpira wake umekatwa sawa. Tunacholalamikia ni kwamba vifaa vingine vimekusanywa bila kuangalia kama vinapatana, na anayejifunza hawezi kuligundua hilo. Atadhani mkono wake ndio mbovu.

Kubwa ni emulsheni. Chupa haisemi inafaa wino gani, na wino mliouweka ni wa maji. Emulsheni isiyohimili maji ikichapiwa wino wa aina hiyo hunyonya unyevu, huvimba na kulainika, kisha kingo za mchoro humeguka. Kwenye skrini tatu tulizochapia wino wenu, vitundu vilianza kutokea kabla ya fulana ya 20.

Dawati lenu la wateja lilitujibu kwa simu kwamba skrini zimechomwa muda mfupi, yaani hazikukaa kwenye mwanga vya kutosha ili emulsheni igande na mchoro uliofunikwa ufunguke kwa maji. Sivyo. Muda ulipimwa kwa hatua: kadibodi ilifunika skrini juani ikasogezwa kila baada ya sekunde 20, na ikachaguliwa hatua ambayo mistari myembamba ilifunguka na emulsheni ikabaki imara. Baada ya kuosha, upande wa skwiji ulipanguswa kwa kitambaa cheupe. Emulsheni isiyoiva huacha utelezi na rangi kwenye kitambaa. Yetu haikuacha kitu. Skrini ya nne ilipakwa emulsheni hiyohiyo, ikachomwa muda uleule, ikachapiwa plastisoli, wino wa plastiki usio na maji. Ilitoa fulana 60 na kingo hazikuguswa. Kilichobadilika ni wino tu.

Neti nayo. Kibandiko kinasema 43T, yaani nyuzi 43 kwa sentimita. Wekeni rula juu yake, pigeni picha kwa simu, vuteni karibu mhesabu nyuzi ndani ya milimita 5. Zingepaswa kuwa 21 au 22. Zipo 60, kwa hiyo ni 120T. Neti hiyo ni ya michoro ya nuktanukta na stika, si ya kupitisha wino mweupe juu ya fulana nyeusi. Weupe unatoka wa kijivu, mchapaji anarudia skwiji mara tatu, mara nne, na kwa joto la hapa wino unakauka ndani ya matundu skrini ikaziba.

Kijitabu kinaonekana kimeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Kinasema emulsheni ikaushwe saa moja. Msimu wa masika Dar es Salaam saa moja haitoshi, na emulsheni yenye unyevu ndani haiivi hata ikae juani mchana kutwa. Ukiimwagia maji inaondoka yote. Inataka chumba cha giza, feni, fremu ilazwe uso wa kuchapia ukiangalia chini, ikibidi usiku kucha. Kisha mnaelekeza dakika 15 za jua. Jua la saa sita mchana kwa muda huo hupenya hadi chini ya mchoro, na hakuna kinachofunguka. Hatua yetu nzuri ilikuwa kati ya dakika 1 na 2. Pasi mmeipa sekunde 30, nazo hazitoshi: wino wa maji ukaushwe kwanza, halafu pasi kavu isiyo na mvuke, juu ya karatasi ya kuokea, dakika 3 hadi 5. La sivyo chapa huondoka kwenye beseni la kwanza la kufulia.

Halafu kuna pakiti ya unga wa rangi ya chungwa wa kuchanganya kwenye emulsheni, haina hata lebo. Unga wa namna hiyo huifanya emulsheni iitikie mwanga. Kama ni diazo, andikeni. Kama ni dikromati, hiyo ni sumu inayosababisha saratani, na wateja wenu wanaikorogea jikoni bila glovu.

Tunaomba mtubadilishie emulsheni tupate inayohimili maji, mtupe neti ya 43T ya kweli, mtuandikie unga huo ni nini, na msimamishe kuuza seti zilizobaki mpaka kijitabu kirekebishwe. Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Zikipita, barua hii na skrini tatu zilizomeguka tutazipeleka Tume ya Ushindani.

Wenu,
Wachapaji fulana, Manzese