Gari lililolala miaka msilivute kwa kamba

Mhariri naomba nafasi kidogo, hili jambo linaniuma sana. Mzee wetu alituachia Land Rover Series III ya petroli, silinda 4, enzi zake ilikuwa inavuka na kivuko pale Kigongo kwenda Sengerema na kurudi bila shida. Alivyofariki ikakaa tu uani hapa Nyakato miaka 3, masika inainyeshea, panya wamehamia ndani. Mwaka jana mvua zilivyokata tukasema tuiamshe, fundi akaja na betri ya kuazima, stati ikagoma, basi wakafunga kamba wakaivuta na Fuso gia ikiwa imeingia. Iliguna mara moja tu ikakwama. Kuja kufungua, ringi za pistoni zilikuwa zimeshikwa na kutu na zingine zimekatika vipande, silinda imechubuka vibaya. Ile injini ilikuwa nzima jamani, tumeiua sisi wenyewe.

Sasa wiki hii jirani yangu alitaka kufanya hivyo hivyo kwa Peugeot 504 ya marehemu baba yake nikamkatalia katakata. Wenzetu wa Ulaya wenye magari ya zamani wanayafungia kipindi chote cha baridi, na ikiisha hawakimbilii ufunguo, na hapo yamelala miezi tu, sie yetu miaka! Fungua plagi zote, tia oili kidogo kila silinda, acha ilale usiku kucha, kesho yake zungusha injini kwa mkono taratibu, Land Rover zina ile hendeli ya mbele, 504 tumia spana kwenye puli ya chini. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili subiri hata siku 3. Ikishazunguka laini ndo upige stati, plagi zikiwa bado nje, mpaka taa ya oili izime.

Petroli ya zamani mwaga yote, inaganda kama gundi inaziba kabureta. Nyaya kagua moja moja sababu ya panya. Na mafuta ya breki yananyonya unyevu, na hapa tuko ziwani, weka mapya halafu jaribu breki uani kwanza, usiende kuzijaribia mteremko wa Bugando.

Jirani amekubali kusubiri. Jana tumetia oili, leo jioni tunashika spana.

Msomaji wenu,
Nyakato, Mwanza