Nyimbo za watoto kanisani: tusimsingizie mmisionari kila kitu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu mwandishi wenu aliyedai kwamba nyimbo tunazowafundisha watoto shule ya Jumapili zilitungwa na wamisionari kwa lengo la kumtuliza Mwafrika. Kwamba huku kwetu zilitumika hivyo, sibishani naye. Lakini kutumika ni jambo moja na kutungwa ni jingine. Nyingi kati ya zile zinazojulikana zaidi zilitungiwa watoto wa Ireland, Uingereza na Marekani, na mara nyingi walioshika kalamu ni wanawake ambao makanisa yao yasingewaruhusu kupanda mimbarini.

Chukua Cecil Frances Humphreys, aliyekuja kujulikana kama Bibi Alexander. Alizaliwa Dublin mwaka 1818, binti wa msimamizi wa mashamba ya mabwanyenye. Mwaka 1848, kabla hajaolewa, alitoa kitabu cha nyimbo za watoto wadogo, na ndani yake alifanya jambo ambalo mwalimu yeyote wa katekisimu atalipenda: alichukua vipengele vya Imani ya Mitume akavitungia nyimbo. "Muumba wa mbingu na nchi" kikawa All Things Bright and Beautiful. Kuzaliwa na Bikira Maria kukawa Once in Royal David's City. Kuteswa na kusulubiwa kukawa There Is a Green Hill Far Away. Mtoto anaimba, kumbe anakariri mafundisho bila kuchapwa.

Sasa, katika huo wa kwanza mna ubeti unaosema tajiri yuko ndani ya ngome yake na maskini yuko langoni pake, na kwamba ni Mungu aliyewapangia hivyo, huyu juu na yule chini. Ubeti huo ulichapwa wakati Ireland ikiwa katikati ya njaa kuu. Viazi vilikuwa vimeanza kuozea shambani tangu 1845, na hadi njaa ilipokwisha watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa. Mwandishi wenu akitaka ushahidi wa wimbo unaomfundisha mnyonge kukaa kimya, huu hapa, na mnyonge mwenyewe ni mtoto wa Kiayalandi. Waingereza wenyewe waliuonea haya. Kitabu chao cha nyimbo cha mwaka 1906, The English Hymnal, kiliuacha nje. Hata hivyo mapato ya kitabu cha mama huyohuyo yalikwenda kusaidia shule ya watoto viziwi. Simtetei, wala simhukumu. Nasema tu kwamba habari yake haiingii katika sentensi moja ya gazeti.

Kuhusu wimbo wa "askari wa Kristo" ambao mwandishi wenu aliuita wimbo wa wakoloni: uliandikwa mwaka 1865 na Sabine Baring-Gould, padri kijana wa Horbury Bridge, Yorkshire. Watoto wa parokia walikuwa waandamane hadi kijiji jirani Jumatatu ya Pentekoste, na hakukuwa na wimbo wa kuwafanya waende kwa hatua moja. Akautunga harakaharaka, na baadaye akakiri mwenyewe kwamba baadhi ya vina vyake vina kasoro. Baadaye ulifika kwa wakubwa: mwaka 1941 uliimbwa kwenye manowari mbele ya Churchill na Roosevelt. Lakini ulianza na watoto waliokuwa wakitembea kwa miguu kwenda sikukuu.

Na ule wa "Yesu anipenda" haukuanza hata kama wimbo. Anna Warner wa New York aliuandika kama shairi ndani ya riwaya ya dada yake Susan, iliyotoka mwaka 1860, ambamo mtoto mgonjwa anafarijiwa akiwa katika kufa. Baba yao alikuwa mwanasheria aliyefilisika katika msukosuko wa fedha wa 1837, na wasichana hao wakaanza kuandika vitabu ili waishi. William Bradbury ndiye aliyeutia muziki na kuongeza kiitikio mwaka 1862. Kwa hiyo ile sehemu ambayo watoto wetu huipigia makofi haikutoka kwa Anna.

Ombi langu ni kwa wachapaji wa vitabu vyetu vya nyimbo: chini ya kila wimbo wekeni jina la mtunzi na mwaka, na jina la aliyeufasiri kwa Kiswahili. Kitabu tunachotumia darasani kwetu hakina hata kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana ni rahisi mtu kusema "wamisionari" na kumaliza. Mwandishi wenu akiandika sehemu ya pili, aanze na hao wafasiri na walioamua wimbo upi uje huku na upi ubaki. Hapo huenda lawama yake ikapata mwenyewe.

Mwalimu wa shule ya Jumapili,
Moshi