Hadithi za Jumamosi: taharuki na taswira

Hamjambo wanakikundi. Kabla ya kuleta hadithi zenu, kagueni mwanzo. Taharuki, ile hamu ya kujua kitakachofuata, huja msomaji akijua nusu ya jambo, si asipojua lolote. Kwa hadithi ya maneno 1,500, dokezo la kwanza lije kabla ya neno la 200, tena lifichwe katikati ya sentensi; mwishoni mwa sentensi jicho hutua, siri inafichuka.

"Usiku ulikuwa wa kutisha" haimwonyeshi msomaji chochote. Andika: geti la ploti kule mtaa wa Umoja, kiti cha mlinzi kitupu, chai yake bado inafuka mvuke. Mvuke huo ni taswira, yaani picha akilini mwa msomaji, na pia ni saa: ameondoka sasa hivi. Ukirundika radi na paka mweusi juu yake, umeuzima. Na jamani, "kumbe ilikuwa ndoto" hatupokei.