Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kuvua Viatu

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati ishughulikie suala la wazee wenzetu wanaoanguka. Tulianza na yale yanayojulikana: taa za usiku, mikeka inayoteleza, vishikio vya bafuni. Hayo yanaendelea vizuri, sitayarefusha. Kilichotushughulisha zaidi ni kitu ambacho miaka yote tulikuwa tunakiruka, yaani miguu yenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wengi zaidi. Tukitafuta chanzo huwa tunataja macho, presha na dawa za usingizi, na ni kweli vyote vimo. Lakini mtu mwenye sugu inayomchoma chini ya unyayo hakanyagi sawasawa. Anaukwepesha mguu, uzito unahamia upande mmoja, na kijiwe tu kinatosha kumwangusha. Mwenye kisukari akiingiwa na ganzi ndiyo mbaya zaidi, maana anaweza kukanyaga ukingo wa ngazi asihisi kama nusu ya mguu iko hewani.

Basi vikao vyetu vikawa na ukaguzi: anayetaka anavua viatu, muuguzi aliyejitolea anamwangalia. Mwanzoni watu waligoma. Tuambiane ukweli, kucha zilizokomaa na kupinda, fangasi na nundu kwenye kidole gumba ni mambo tunayoyaonea haya kuliko hata meno yaliyong'oka. Kina baba ndio walikuwa wagumu zaidi.

Kilichowalainisha ni kipimo cha kadi. Unakaa kitini, muuguzi anaweka kadi ngumu chini ya kidole gumba cha mguu, unaibana, yeye anaivuta. Ikichomoka kirahisi, vidole vimelegea, na vidole ndivyo vinavyong'ang'ania ardhi mwili unapoyumba. Sasa kimekuwa mashindano, watu wanabana mpaka wanakunja uso.

Kuhusu viatu, tuliyoyaona hayafurahishi. Wengi bado wananunua namba ya ujanani, wakati mguu hutanuka kadiri umri unavyokwenda. Wakibanwa wanahamia kwenye ndala zisizoshika kisigino, au wanatembea na soksi tupu kwenye sakafu laini. Tafuteni kiatu chenye kisigino kifupi na kipana, soli ngumu isiyoteleza, na kamba au mkanda wa kukikaza. Kijaribuni jioni, mguu ukiwa umejaa. Vile vyenye soli nene kama godoro vinasifiwa sana, ila mimi sivipendi: unyayo haupati habari za ardhi.

Kuna wanachama waliopendekeza fedha zote za mwaka ujao ziende kwenye kukata kucha na kuondoa sugu. Kamati haikukubali, na nieleze kwa nini. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanyika Australia kwa watu 305 wa miaka 65 na zaidi wenye maumivu ya miguu. Wote walipata huduma hiyo ya kawaida. Kundi moja likaongezewa mazoezi ya nyayo na vifundo, soli za kuweka ndani ya viatu, msaada wa kupata viatu vinavyofaa na elimu ya kuzuia kuanguka. Kiwango cha kuanguka katika kundi hilo kilikuwa chini kwa asilimia 36. Kwa hiyo kucha zitakatwa, lakini fungu kubwa liende kwenye mazoezi na viatu. Mweka hazina atawasomea makisio, mtayajadili.

Tunahitaji wa kusimamia mazoezi. Si lazima awe mtaalamu, atafundishwa. Wenye kisukari wataendelea kukaguliwa kila kikao, na nawasihi tena, msijikate sugu kwa wembe nyumbani.

Naomba mkutano uipokee taarifa hii.

Mwenyekiti