Kwa nini kidari cha moshi huagizwa Alhamisi ili kiliwe Jumamosi

Karibu kila Jumamosi kuna mteja anayefika jikoni kwetu Uyole saa saba mchana, anakuta kidari kimeisha, anayatazama mapipa yanayofuka moshi na kuuliza: "Bosi, si uongeze kuni tu? Nitasubiri nusu saa." Swali ni la haki kabisa. Nyama choma Mbeya tumeizoea hivyo. Unachagua kipande chako, kinapanda kwenye mkaa, unakunywa soda moja au mbili, nyama imefika mezani na kachumbari yake. Mbuzi anaukubali mwendo huo, kitimoto pia. Kidari cha ng'ombe hakiukubali, na nimeona nieleze kwa kirefu ni kwa nini, ili nawe ukitaka ukibanike mwenyewe nyumbani.

Kidari ni msuli wa kifua. Ng'ombe hana mfupa wa mtulinga kama sisi, kwa hiyo misuli ya kifuani ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito wake akisimama na akitembea. Msuli wa kazi hivyo hujaa kolajeni, ule utando mweupe na kano zinazokukwama menoni. Dawa ya kolajeni ni joto la wastani na saa nyingi. Nyama ikivuka nyuzi joto 70 kolajeni huanza kuyeyuka polepole na kuwa ute, ule ule unaouona supu ya makongoro ikipoa. Ukikiweka kwenye mkaa mkali, nje kinaungua, ndani nyama inajikunja na kukamua maji yake, na kano zimebaki vile vile. Ndiyo maana pale Mwanjelwa ukiomba kidari, muuza bucha anadhani unakwenda kupika mchuzi.

Sisi tunakiweka motoni saa nne usiku, pipa likiwa kati ya nyuzi 110 na 120. Saa za mwanzo joto la ndani ya nyama hupanda vizuri. Likifika 65 hivi, linagoma. Linaweza kukaa hapo saa mbili, tatu, bila kusogea, huku kuni zikiendelea kuteketea. Wanaojifunza hapo ndipo wanapochanganyikiwa na kuanza kuchochea moto. Hakuna kilichoharibika. Maji yanatoka ndani ya nyama, yanakauka juu yake, na kule kukauka kunaipoza, kama unavyopoa wewe ukisimama kwenye upepo na jasho mwilini. Yakipungua maji ya juu, joto linaanza kupanda tena lenyewe. Ikifika hatua hiyo, na rangi ya nje ikiwa imeshakuwa nyeusi ya kupendeza, tunaifunga. Marekani hutumia karatasi ya kaki au foili. Sisi tunatumia majani ya mgomba yanayoletwa kutoka Tukuyu, tukiyababua kwanza motoni yasipasuke.

Kuna jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayakuambii, kwa sababu walioyaandaa wanaishi tambarare. Watu wa Texas husema kidari kimeiva kipimajoto kikisoma nyuzi 95 katikati ya nyama. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu maji huchemka karibu nyuzi 94. Aliyewahi kupika maharage Kyela kisha akahamia Mbeya anaijua habari hii bila kipimo chochote. Aliyehamia Njombe anaijua zaidi. Sasa nyama, kwa sehemu kubwa, ni maji. Ukikaa kusubiri isome 95 utasubiri mpaka maji yote yaishe, na utakachotoa hakitafuniki. Sisi hukitoa kati ya 88 na 91, na hata hapo kipimajoto hakina kauli ya mwisho. Tunachomeka kijiti cha mshikaki kwenye sehemu nene. Kikizama chenyewe bila kusukumwa, kimeiva. Kikigoma, nyama inarudi ndani hata kama namba imetimia.

Ufundi wa kubanika kidari kizima umetoka Texas, ambako wenye mabucha waliohamia kutoka Ujerumani na nchi ya Wacheki katika karne ya 19 walikuwa wakibanika nyama ambayo haikupata mnunuzi. Mji mdogo wa Lockhart unajulikana kwa kazi hiyo mpaka leo. Kubanika kwenyewe lakini si kitu kigeni huku. Samaki wa Ziwa Nyasa wamekuwa wakipanda kutoka Kyela wakiwa wamebanikwa tangu zamani, kabla ya mtu kuota jokofu.

Kilicho tofauti ni ng'ombe. Wamarekani humnenepesha kwa nafaka, kidari chake kinafika kilo 5 hata 7 kikiwa na mafuta mazito juu. Wetu ni wa nundu, amekula majani Usangu, ametembea. Kidari chake chembamba, kilo 3 au 4, na mafuta ya kuhesabu. Ukimfuata Mmarekani hatua kwa hatua utakikausha. Kwa hiyo hatukati mafuta hata kidogo, na juu yake tunalaza vipande vya nundu ili viyeyuke taratibu usiku kucha. Mimi binafsi, nikipewa nafasi ya kuchagua, namchukua ng'ombe wa maziwa wa Rungwe aliyestaafu kukamuliwa. Anachelewa zaidi kuiva, lakini utamu wake ni mwingine. Viungo? Chumvi na pilipili manga, basi. Ndimu, tangawizi na vitunguu swaumu viachie mishikaki.

Kuni sasa, na hapa naomba tusikilizane vizuri, maana ndipo watu wanapoharibu nyama na wakati mwingine afya zao.

Tunaishi katikati ya miti, na si kila mti ni wa jikoni. Msindano (paina) una utomvu. Moshi wake unaacha masizi machungu juu ya nyama ambayo hata uoshe hayatoki. Mlingoti (mkaratusi) una joto zuri, ila mafuta yake yana harufu ya dawa ya kikohozi na nyama inaibeba. Muwati, ule uliopandwa kwa wingi Njombe kwa ajili ya magome yake, unatoa makaa mazito yanayodumu, nasi tunautumia kwa joto. Kwa ladha tunaongeza mpera, mwembe, au mparachichi. Mparachichi umekuwa rahisi kupatikana tangu wakulima wa Rungwe na Njombe walipoingia kwenye zao hilo kwa nguvu, kwa kuwa kila wanapopogolea kuna matawi. Moshi wake ni mpole, unafaa hata kwa kuku.

Kuni yoyote iwe imekauka, angalau miezi sita tangu ikatwe, na isiwe imenyeshewa. Moshi mweupe mzito unaojaza mtaa si sifa. Ni dalili kwamba moto unakosa hewa au kuni ni mbichi, na nyama itakuwa chungu. Moshi mzuri ni mwembamba, wa kibuluu, karibu hauuoni. Majirani zetu wanapenda hilo kuliko wateja.

Usichome kabisa mabaki ya mbao za kuezekea zilizotiwa dawa, zile zenye kijani, wala vipande vya nguzo za umeme. Dawa nyingi za mbao za aina hiyo zina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu ambayo moto hauiondoi. Nyingine inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Kwenye mafundi seremala vipande hivi hupatikana bure, na bure hiyo ni ghali. Pipa nalo liwe lililobeba mafuta ya kula au kitu kingine unachokijua. Lichome kwa moto mkali mpaka rangi ya ndani iishe kabla nyama haijaingia. Lililobeba viuatilifu acha liwe la takataka. Na bati la kuezekea lisitumike kama mfuniko, kwa sababu zinki yake ikipata moto mkali hutoa mvuke mbaya.

Kuna lalamiko lingine tunalolipata, hasa kwa wanaobeba nyumbani: "Mmetupa nyama mbichi, pembeni ina wekundu." Itazame tena. Nyama mbichi huwa nyekundu katikati. Hii yetu ina mstari wa waridi pembeni, chini kidogo ya ile ngozi nyeusi, na katikati ni kahawia. Moto wa kuni hutoa gesi za naitriki oksidi na kaboni monoksidi, ambazo hushikana na mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake, na kuufunga wekundu huo usipotee hata nyama ikiiva sana. Sufuria haiwezi kukupa mstari huo, wala jiko la umeme. Si damu.

Kuhusu nguruwe, wengi huuliza kwa sauti ya chini kama tunamchanganya na nyama nyingine, basi nijibu kwa sauti. Mapipa ni tofauti, visu tofauti, mbao za kukatia tofauti, na wa upande huu hashiki nyama ya upande ule bila kubadilisha aproni na kunawa. Ng'ombe na mbuzi wanachinjwa machinjioni kwa utaratibu ambao Mwislamu anaukubali. Nguruwe tunamnunua akiwa na muhuri wa mkaguzi wa nyama tu, kwa sababu tegu wa nguruwe yupo katika nyanda zetu hizi, hasa ambako nguruwe huachwa wazurure. Anayekuuzia kitimoto kwa bei ya kutupa, muulize muhuri kabla hujauliza pilipili.

Bei yetu nayo inashtua. Mteja anajua kilo ya nyama buchani ni shilingi ngapi, akisikia yetu anadhani tumemwona mgeni. Kilo ya kidari kibichi ikikaa motoni usiku mzima, maji na mafuta yakitoka, hubaki nusu kilo na kidogo. Sisi tunapima iliyoiva, mbele yako. Zidisha mara mbili bei ya bucha, ongeza kuni na kijana aliyekesha, utaona hatujakuonea.

Ukitaka kujaribu nyumbani, anza na mbavu za ng'ombe, zinasamehe zaidi. Tia chumvi jioni ya kuamkia siku ya kupika, kijiko kimoja cha chakula kisichofurika kwa kila kilo, uache mahali pa baridi. Makaa yakae upande mmoja wa pipa na nyama upande wa pili, isipate moto moja kwa moja, na sufuria ndogo ya maji katikati. Tundu la hewa la chini liwe wazi kidogo, bomba la juu liwe wazi lote. Usifungue kila baada ya dakika kumi kuchungulia; usiku wa baridi pipa likifunguliwa linachukua muda kurudi. Ikiiva ifunge, ifunike kwa blanketi kuukuu na uiache saa moja kabla ya kukata. Kata kukinzana na nyuzi za nyama. Kidari kilichoiva vizuri kikikatwa kufuata nyuzi bado kitakusumbua.

Kwa wanaoagiza kwetu, oda hufungwa Alhamisi saa kumi na moja jioni. Ijumaa alfajiri tunakwenda kuchagua nyama, asubuhi tunatia chumvi, usiku moto unawashwa. Jumamosi kuanzia saa tano asubuhi tunakata mpaka kiishe. Kwa kipaimara au sendofu tuambie wiki mbili mapema, kwa kuwa vidari haviokotwi. Kila ng'ombe ana viwili tu. Ukisafiri nacho mpaka Chunya au Tunduma, njoo na hotpoti, tutakifunga kikiwa kizima, nawe ukikate ukifika. Kisishuke chini ya nyuzi 60 njiani. Kikipoa, kiweke kwenye friji na ukipashe siku inayofuata kwa moto mdogo kikiwa ndani ya majani yake.

Na anayetaka kuona kazi yenyewe, aje Ijumaa saa tatu usiku tunapowasha. Hatutozi kitu, maswali yote yanajibiwa, na kuna chai. Kwa Juni na Julai, njoo na koti zito.