Buibui hajamkojolea mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimtetee buibui. Si buibui la kuvaa. Nilipomwambia jirani yangu kwamba naandika gazetini habari za buibui, aliniuliza kama bei imepanda tena. Namzungumzia mwenye miguu minane, yule anayekaa ukutani nyuma ya kalenda.

Mimi ni mama mwenye nyumba hapa Ng'ambo, Tabora mjini. Nina vyumba sita vya kupangisha, tofali za kuchoma, bati juu, na ua wenye mwembe mkubwa katikati. Marehemu mume wangu aliijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa reli, na kila alipounganisha chumba kipya na cha zamani aliacha ufa. Wadudu wakaingia humo kabla ya wapangaji, na hawajawahi kunidai nafuu ya kodi. Siku hizi mtu akija kuulizia chumba, akishauliza maji na luku, anauliza, "Na wadudu, mama?" Namjibu wapo. Asiyetaka wadudu mwezi wa kumi na moja atafute nyumba isiyo na taa, isiyo na mlango, na isiyo Tabora.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka jana mvua za kwanza zilipiga, kumbikumbi wakatoka, watoto wakatega mabeseni ya maji chini ya taa ya uani kama ilivyo ada. Kila chenye mbawa mtaani kikahamia kwetu. Asubuhi ya tatu kijana wa chumba namba nne, mgeni kutoka Dar es Salaam, alitoka ameshika shingo. Alikuwa na mstari mwekundu kuanzia chini ya sikio hadi kwenye ukosi, na juu yake malengelenge madogo madogo, utadhani kachapwa na waya wa moto.

"Mama, buibui amenikojolea."

Hakuna aliyebisha. Ua mzima ulikuwa na ushahidi wake: shangazi wa huyu alikojolewa mdomoni, mtoto wa yule alikojolewa kope. Mama wa chumba cha pili alileta dawa ya meno akampaka shingo nzima, kijana akawa kama mtu anayekwenda kucheza ngoma. Tukaingia kukagua chumba. Kweli, ukutani juu ya kitanda alikuwapo. Mshitakiwa kakutwa eneo la tukio, hakimu wa nini tena?

Huyo buibui nyote mnamjua. Bapa kama aliyepigwa pasi, rangi ya ukuta uliochakaa chokaa, miguu kaitandaza ubavuni kama kaa. Hana utando wa kutegea. Anatulia palepale hata saa nzima, ukimpungia mkono anachomoka kiubavu kwa kasi ambayo macho yako yanabaki yakimtafuta pale alipokuwa. Karibu naye mara nyingi kuna duara jeupe, bapa, kama sarafu ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Hayo ni mayai yake. Fundi wangu wa rangi huwa hayabandui, anapaka juu yake, ndiyo maana kuta zangu zina vipele.

Jumatatu nilikwenda sokoni. Nyuma yangu kijana akanunua dawa. Haikuwa na jina. Ilikuwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, nyeupe kama tui, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Muuzaji, mtu wa baiskeli anayepita mitaani na spika akitangaza dawa ya kunguni, mende, panya na viroboto, alimuuzia kwa elfu mbili na ushauri juu: "Funga mlango nusu saa, kila kitu kinalala." Kijana, kwa ukarimu wake, hakuishia chumba chake. Alipiga koridoni, jikoni, na vyumba vya wenzake waliomwachia funguo.

Harufu ilinipokea njiani kabla sijafika kwangu. Naijua. Kaka yangu analima tumbaku Urambo, na ndivyo stoo yake inavyonuka msimu wa kupiga dawa. Ile ilikuwa dawa ya shamba, Mhariri, ya kupimwa kwa kizibo, kuchanganywa na bomba zima la maji na kupigwa kwenye majani nje, upepo ukipita. Wao walikuwa wameimwaga bila kipimo kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi chenye godoro.

Kila kitu kililala kweli. Mijusi ilikuwa sakafuni matumbo juu. Buibui walikuwa wamekunja miguu kama ngumi za watoto. Mende walitoka kwenye nyufa wakipepesuka, na kuku wangu wakaona leo ni sikukuu. Hadi magharibi watatu walikuwa chini, shingo zimepinda. Jogoo akawafuata alfajiri, saa yake ya kuwika. Mtoto wa chumba cha pili alitapika usiku kucha, tukamkimbiza hospitali, alhamdulillahi akapona. Sisi tulilala siku mbili kwenye mikeka chini ya mwembe, tukiliwa na mbu.

Siku ya tano yule kijana akaota malengelenge mapya. Safari hii ndani ya kiwiko, pande zote mbili za mkunjo, sawasawa, kama muhuri mbichi uliofungiwa ndani ya karatasi. Na nyumba nzima haikuwa na buibui hata mmoja wa kusingiziwa.

Ndipo akakubali kwenda zahanati, nami nikamsindikiza. Tabibu alitazama kiwiko, akatazama shingo, wala hakugusia buibui. Aliuliza, "Unalala taa inawaka?" Kijana akasema ndiyo, anaogopa buibui. Tabibu akacheka hadi akavua miwani.

Usiku ule nilikaa chini ya taa ya koridoni na beseni jeupe magotini, kwa kuwa mimi mambo ya kuambiwa tu hayanitoshi. Haikupita nusu saa akaanguka mmoja. Mwembamba, mrefu kama punje ya mchele, ungemdhania sisimizi. Kichwa cheusi, kifua chekundu, mgongoni kakoti kafupi ka buluu kanakong'aa, halafu tumbo jekundu lenye ncha nyeusi. Anakwenda mbiombio, akishituka anainua mkia kama nge. Ni wa jamii ya mbawakawa. Wakenya wanamwita inzi wa Nairobi, ingawa si inzi, na huku kwetu hakuja kwa basi.

Huyo hang'ati wala hana mwiba. Sumu imo katika maji ya mwili wake. Anafuata mwanga, anatua shingoni, wewe usingizini unamponda kwa kiganja, yale maji yanapakaa kwenye ngozi. Ngozi haisemi kitu. Inakuja kusema kesho yake au keshokutwa, na wakati huo mwenye kosa keshakauka shukani, aliyebaki anaonekana ni buibui ukutani. Na ule mchoro wa kiwiko ulitokana na hilohilo: maji yalibaki upande mmoja, mkono ulipokunjwa yakahamia wa pili. Akikutua, mpulize aondoke. Ukiwa umeshamponda, osha kwa sabuni na maji mengi mara moja, na mkono huo usiupeleke machoni. Zima taa, shusha chandarua. Dawa yake ndiyo hiyo, na haiuzwi na mtu wa baiskeli.

Kuna na malengelenge mengine ambayo nayo buibui anabebeshwa. Mkanda wa jeshi, ule unaozunguka upande mmoja wa kifua au kiuno kwa maumivu ya moto, unatokana na virusi vya tetekuwanga alivyougua mtu zamani, vikajificha mwilini vikangoja. Vile vipele vya mdomoni vinavyokuja na homa navyo ni virusi. Nimeona mzee mzima akipakwa majivu wiki mbili kwa sababu "kakojolewa", wakati alihitaji kuonwa na daktari siku ya kwanza.

Wapo watakaoniambia kuku wanne si hoja, wadudu si walikwisha? Hawakwisha. Mende walirudi kabla ya wiki tatu, wakitokea shimo la choo ambako dawa haikufika. Waliochelewa ni buibui na mijusi. Buibui wa kwanza nilimwona Aprili, mvua zikiishia. Kati ya hapo mbu hawakuwa na mtu wa kuwapunguza zaidi ya viganja vyetu.

Watu wa rika langu mkoani hapa jambo hili tumelionja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa binti, kihenge cha baba kiliingiwa na mdudu ambaye hakuna mzee aliyemjua. Mahindi yaligeuka unga yangali kwenye magunzi. Kopa la muhogo ukilishika linabomoka mkononi. Ukitega sikio unasikia anakereza ndani, krr, krr. Wengine walimwita dumuzi, wengine Scania, kama lile lori. Alikuwa kavuka kutoka Amerika ya Kati, na katika Afrika nzima alitambuliwa kwanza huku kwetu Tabora. Kule kwao kuna mdudu mwenziwe anayemla. Huku alikuja peke yake, akastarehe. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walimfuata yule mlaji Amerika hukohuko, wakamleta na kumwachia Togo na Kenya. Watu wanapakia mdudu kwenye ndege ili ale mdudu, mimi wa kwangu yumo ndani bure, nalipia elfu mbili auawe!

Mjukuu wangu aliye chuoni alinionyesha kwenye simu kwamba wataalamu waliokuwa Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, waliandika mwaka 2005 habari za buibui mdogo mrukaji anayechagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu, akamwacha mdudu mwingine. Wa ukoo huo wa warukaji ninao dirishani. Ni wadogo kama punje ya kunde, wana manyoya, na ukiwasogelea hawakimbii, wanakugeukia wakakutazama kwa yale macho mawili makubwa ya mbele kama taa za gari.

Lakini asinifanye mtu mtetezi wa kila chenye miguu minane. Papasi naye anayo minane, na kwake sina huruma hata chembe. Nimekulia tembe la Uyui lenye sakafu ya udongo, namjua. Mchana yumo kwenye nyufa, usiku anakuja kunyonya, kisha homa: inakuchoma siku kadhaa, inakuacha unadhani umepona, inarudi tena. Mama alimshinda siku baba aliposakafia kwa saruji na vitanda vikasogezwa mbali na ukuta. Nge naye anayo minane. Ndiyo sababu kwangu hakuna anayevaa kiatu bila kukikung'uta wala anayebeba kuni gizani. Kunguni dawa yao ni maji yanayochemka kwenye chaga na godoro juani, tena kwa kurudia. Na siafu wakija, sisi ndio tunaowapisha. Kuku wafunguliwe, mtoto abebwe, tukae barabarani na majivu yetu. Mara ya mwisho walimaliza kwa saa mbili, wakaondoka na mende hadi waliokuwa ndani ya redio.

Mama yangu hakuua buibui maisha yake yote, kwa ajili ya kile kisa cha pango alimojificha Mtume wakati wa kuhama Makka, buibui akafuma utando mlangoni. Mjusi kafiri, yeye alimkimbiza na ufagio kwa kisa kingine. Hilo la mjusi nawaachia masheikh. Ninachojua ni kwamba na yeye anakula mbu.

Wenyeviti wa mitaa na viongozi wa masoko hapa mjini, nawaomba jambo moja. Kiuatilifu halali kina chombo chake, kina lebo, kina namba ya usajili, kinasema ni cha mdudu gani na kichanganywe vipi. Kilicho kwenye chupa ya maji ya kunywa hakisemi lolote, na mtoto mwenye kiu hawezi kukitofautisha na maziwa. Wanaopita na spika tunawasikia wote kuanzia saa tatu asubuhi, hawajifichi, kwa hiyo kuwakamata hakuhitaji upelelezi.

Kijana wa chumba namba nne bado yupo kwangu. Analala taa imezimwa, na buibui wake kapewa jina la mchezaji mmoja wa Yanga, kwa sababu ya kukimbia kiubavu. Kodi analipa kwa wakati. Za kuku watatu na jogoo mmoja nilimsamehe, alikuwa kadanganywa. Muuzaji wake sijamsamehe. Kama anasoma gazeti hili, nyumba anaijua, ni ile yenye mwembe.

Mama Zuhura,
Ng'ambo, Tabora